Kondoo wa Miguu Mitatu

Kimbelembele changu ndicho kilichonifunga Mwanjelwa, pale Mbeya, kwa zaidi ya miaka miwili ambayo sikupaswa kuwa pale. Nalisema hili mapema ili msomaji asianze kunionea huruma kabla hajajua nilivyojitakia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nimepanga chumba katika nyumba ya vyumba saba vilivyouzunguka ua wenye bomba moja. Ilikuwa miaka ya sabini, Wachina bado wakijenga reli, na Mbeya ilikuwa na baridi kuliko ya leo, au pengine ni mimi niliyekuwa na nguo chache. Kila chumba kilikuwa na mwanamke wake, wengine na waume, wengine na watoto tu. Mimi peke yangu ndiye niliyefika sekondari, kwa hiyo barua za ua mzima zilipita mikononi mwangu. Nilisoma zilizokuja, nikaandika zilizokwenda, na nilipenda sana kusikia mtu akiita "mwalimu" kutoka upande wa pili wa ua huku ameshika bahasha.

Mama yangu alikuwa Tukuyu, peke yake, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Kila likizo nilipokwenda, nilisimama kwenye mlango wa ua nikangoja anitambue, na kila likizo ilinibidi nisogee hatua moja zaidi. Nilikuwa nimeomba uhamisho ili nikakae naye angali anauona uso wangu. Hilo ndilo jambo nililolitaka kwa moyo wote miaka ile. Mashine ya kufumia masweta niliitaka kwa ajili ya sifa tu.

Habari ya mashine ilikuja na vitumbua. Jirani wa chumba cha kwanza, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walitoka pwani, alipika vitumbua kila asubuhi na kuvifunga katika magazeti ya zamani. Sote tulimwita mama mkubwa. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, vidole vimekufa ganzi, nilikunjua karatasi yangu nikaona tangazo lenye picha ya mashine yenye mpini na mwanamke anayecheka. Sweta moja kwa siku, tangazo lilisema. Tuma fedha, utaletewa kwa posta. Bidhaa isipokuridhisha, fedha yako itarudi. Anuani ilikuwa sanduku la posta la Iringa, na jina la kampuni lilikuwa refu kuliko, kama nilivyokuja kujua, umri wake.

Tulikuwa na upatu wa watu saba. Kila mwezi kila mmoja alitoa shilingi ishirini, zote zikaenda kwa mwenye zamu, na kwa zamu yake mtu alinunua godoro au bati au alilipa deni lililomkosesha usingizi. Mimi ndiye niliyewashawishi wasimamishe zamu. Tukusanye miezi mitatu, nikasema, tununue mashine, tufume kwa kupokezana, masweta tuwauzie mafundi wa reli na abiria wa mabasi. Nilisema vizuri sana. Nilichora hata hesabu ya faida chini, kwa kijiti, pale karibu na bomba.

Kwanza niliandika kuuliza, na jibu likaja baada ya wiki mbili, limepigwa taipu, na chini yake lina muhuri.

Sina budi kueleza muhuri ulikuwa kitu gani kwetu. Barua ya balozi wa nyumba kumi bila muhuri ilikuwa karatasi tu. Kibali cha kusafirisha gunia la mchele kutoka Ubaruku, bila muhuri, kilikuwa karatasi tu. Tulikuwa tumezoea kutazama chini ya barua kabla ya kuisoma juu. Na muhuri huu ulikuwa mzuri: mviringo, wino wa zambarau, jina la kampuni limezunguka, katikati kondoo. Niliipitisha barua mkono kwa mkono pale uani ili kila mtu auone. Mama mkubwa, aliyesoma Kurani utotoni lakini hakujua herufi zetu, aliisogeza karibu na uso akaitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "huyu kondoo ana miguu mitatu."

"Ni wino tu, mama mkubwa. Muhuri ukigongwa upande, sehemu nyingine haitoki."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko chochote nilichofundishwa chuoni.

Nilituma fedha kwa mani oda na risiti nikaihifadhi ndani ya Biblia. Taarifa ya kifurushi ilifika baada ya wiki tano. Tulikwenda posta sote saba, tumevaa vizuri, mmoja wetu kachukua khanga ya ziada ya kuibebea mashine mgongoni, kwa maana tulidhani itakuwa nzito. Karani alinipa daftari nikasaini, kisha akanikabidhi kifurushi chenye ukubwa wa kiatu kimoja. Nilijua palepale, lakini nilijikaza kisabuni mpaka tukafika nyumbani. Ndani mlikuwa na spoki mbili za baiskeli zilizochongwa ncha, bonge dogo la nyuzi nyekundu za sufu, na karatasi ya maelekezo yenye muhuri.

Hakuna aliyenifokea. Yule mwenye khanga ya ziada aliikunja akaifunga kiunoni.

"Basi si wamesema fedha itarudi?" mama mkubwa aliuliza.

"Wamesema," nikajibu.

Laiti wangenifokea, ningelia, ningeomba radhi, na yangekwisha siku hiyo. Badala yake nilipewa nafasi ya kuirudisha fedha yao, nami nikaingia ndani ya nafasi hiyo na mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilichukua spoki zile nikaenda nazo chumbani, nikakaa kitandani hadi jioni.

Kampuni ilinijibu upesi na kwa adabu. Ilisikitika. Iliniomba nirudishe bidhaa kwanza, kwa gharama yangu, kisha fedha itatoka. Nikarudisha, na hapo nikabaki sina mashine, sina spoki, wala sina kitu cha kumwonyesha mtu. Baada ya wiki tatu waliandika kwamba kifurushi kimefika lakini kimeonekana kilifunguliwa, kwa hiyo kuna ada ya ukaguzi. Mtu ataniuliza kama nilituma. Nilituma. Nilitoa kwenye mshahara wangu bila kumwambia yeyote, kwa sababu kuacha kutuma kulikuwa sawa na kukiri kwamba fedha ya watu imekwenda. Kisha ikaja ada ya fomu, nikatuma na hiyo. Kila barua ilikuwa na kondoo wake chini, na sasa kila mara nilihesabu miguu. Baada ya ada ya fomu, barua zilikoma.

Uani maisha yaliendelea, na adhabu yenyewe ilikuwa hapo. Asubuhi tulikutana kwenye bomba, tukasalimiana, tukaulizana watoto wameamkaje. Miezi ya kwanza waliuliza pia, "Iringa wanasemaje?" nami nikajibu, "Wanashughulikia." Nililisema neno hilo mpaka likanichosha ulimi. Kisha wakaacha kuuliza, na hilo likawa baya zaidi. Siku moja nikagundua kwamba jirani wa chumba cha tano anapeleka barua zake kwa mhudumu wa zahanati akasomewe huko.

Katikati ya haya uhamisho wangu ulikubaliwa. Shule ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mama. Niliisoma barua nimesimama ofisini kwa mwalimu mkuu, na furaha haikuja. Nililiona gari la mizigo limesimama mbele ya nyumba yetu, kitanda changu na sufuria zangu zinapakiwa, na wanawake sita wamesimama wakiitazama fedha yao inaondoka. Wangesema nimetoroka, na mimi mwenyewe ningesema hivyo. Nikaandika kwamba kwa sababu za kifamilia siwezi kuhama kwa sasa. Familia yangu yote ilikuwa mtu mmoja, naye alikuwa Tukuyu ananingoja, lakini ndivyo nilivyoandika.

Kuhusu kudai haki yangu, nilipigwa danadana mpaka nikajua viti vya kila korido. Ofisi moja Mbeya iliniambia aliyenikosea yuko Iringa, niende nikashtaki Iringa. Niliandika Iringa, nikajibiwa kwamba fedha ilitolewa Mbeya, niripoti Mbeya. Karani wa posta, mtu mwema, alifungua daftari lake akanionyesha sahihi yangu mwenyewe: nilitumiwa kifurushi, nikakipokea kikiwa salama. "Ungekataa kusaini, mwalimu," aliniambia kwa upole. Sahihi ilikuwa nzuri, ya mtu anayewafundisha wengine mwandiko.

Likizo ya Desemba, badala ya kwenda kwa mama, nilipanda basi la Iringa. Mama nilimwandikia kwamba nina kazi ya shule. Pale Igawa abiria waliteremka kula, mimi nikabaki ndani nimeikumbatia pochi, narudiarudia maneno nitakayomwambia mtu huyo nikimpata. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni ya misheni, na kesho yake asubuhi nikaenda posta, nikatafuta namba ile kwenye ukuta wa masanduku, nikakaa kwenye ngazi nikikitazama kile kimlango cha chuma. Mwenye sanduku lazima aje kulifungua. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Nilikaa siku mbili nzima. Watu wa Iringa walinipita wakanisalimu, wengine wakadhani nimepatwa na msiba. Nilimngoja mwanamume mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa nimeshamvika hata viatu. Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, alikuja mwanamke mwembamba mwenye ujauzito mkubwa, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Alifungua lile sanduku, akatoa bahasha nne, akazigeuza mojamoja mbele na nyuma, kisha akazibana kwapani.

Nikasimama. "Kamwene," nikamsalimu, na Kihehe changu kikaishia hapo.

"Kamwene, dada."

"Hilo sanduku ni la nani?"

"La baba watoto."

"Namtafuta."

Alinigeukia na uso wake ukafunguka. "Umemuona wapi?" akauliza. "Yuko wapi, dada?"

Nilikuwa nimesafiri na hasira ya mwaka mzima, na kwa swali lile ikakosa pa kukaa.

Alinipeleka kwake, chumba kimoja cha kupanga kama changu, akanipisha kiti naye akakaa kitandani. Mume wake, alisema, aliondoka tangu mwezi wa nane kwenda Chunya kwenye dhahabu, na aliahidi kuandika. Yeye hakujua kusoma. Kila wiki alikwenda kufungua sanduku, akazileta barua nyumbani akaziweka.

"Hukumpa mtu akusomee?"

"Alinikataza. Alisema barua ya biashara haisomwi na mtu wa nje." Akanitazama nguo na viatu. "Lakini sasa nimechoka. Wewe uko kama mwalimu. Nisomee, dada. Labda ya kwake iko humo."

Akavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa nusu.

Nilisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Walikuwa wameandika kutoka Njombe, Tunduma, Mafinga, Songea. Muuguzi mmoja aliuliza kwa mara ya nne. Katekista alitoa fedha ya kwaya na sasa hawezi kusimama mbele ya kwaya. Mwanamke mmoja alikuwa ameandikiwa na mtu mwingine, na mtu huyo mwingine aliongeza mstari wake mwenyewe chini: tafadhali, mama huyu hali chakula. Wote walianza kwa salamu na kuulizia afya ya kampuni. Nilipofungua ya tisa au ya kumi, nilikutana na mwandiko wangu.

Niliisoma kama nilivyosoma nyingine. "Ninaomba kwa heshima na taadhima mnirudishie fedha ya wenzangu, kwani ninaishi nao." Hapo nikajifanya nakohoa.

"Huyu naye anaomba fedha?" akauliza.

"Naye anaomba."

"Maskini," akasema, na alimaanisha.

Sikumwambia ni nani. Tuliendelea hadi alasiri, gunia likaisha, na ya mume wake haikuwemo. Akasema, "Tazama tena, dada. Ziko nyingi, labda umeruka." Nikatazama tena, bahasha kwa bahasha, ingawa nilijua. Sijawahi kufanya kazi ya kusoma iliyonichosha namna ile.

Nyuma ya mlango vilipangwa vifurushi vilivyorudishwa, kama mimi nilivyorudisha changu. Spoki zile alizichonga yeye mwenyewe kwenye jiwe, akaniambia bila kuona aibu, kwa sababu kwake zilikuwa sindano za kufumia kama sindano nyingine yoyote. Dirishani ulikuwepo muhuri. Ulichongwa kwenye soli ya kiatu cha raba, ukagundishwa kwenye kipande cha mti. Niliuchukua nikaugeuza: kondoo, miguu mitatu, na mahali pa mguu wa nne pamekatika safi.

"Wembe uliteleza," akasema. "Alikasirika siku hiyo, mpaka akataka kuutupa. Lakini watu hawakuona."

"Kuna mmoja aliona," nikamwambia.

Yale maneno niliyoyarudiarudia kwenye basi sikuyasema. Ningemdai nini? Kulikuwa na kitanda, sufuria mbili na tumbo la miezi minane. Nilitafuta kifurushi changu, nikakikuta bado kina fundo langu la kamba, nikamwambia hiki ni changu, na hapo ndipo alipoelewa. Alijifunika uso kwa khanga. Baadaye aliinuka, akaanza kufungua vifurushi vingine na kujaza mabonge ya nyuzi kwenye kikapu changu. "Chukua, dada, zinaliwa na nondo." Kila bonge lilikuwa la mtu aliyelilipia, nami nikayachukua. Hilo sijalitubu vizuri mpaka leo.

Niliporudi niliwaambia wenzangu ukweli wote, nimesimama pale karibu na bomba, isipokuwa zile ada. Fedha haipo, nikasema, lakini nitamfumia kila mmoja sweta, ndipo nitakuwa nimewalipa. Hawakunijibu sana. Mmoja alisema pole ya safari. Nikachukulia ukimya wao kuwa makubaliano.

Sikujua kufuma. Nilijifunza kwa masista kila Jumamosi, na sweta la kwanza nililifumua mara nne. Kwa spoki zilezile mbili, nikitoka shule, nikimaliza kusahihisha madaftari, nilifuma. Jumapili nilifuma. Mwaka uliofuata nilikwenda Tukuyu mara moja tu, siku tatu, nikafuma na huko nikiwa nimekaa kando ya mama, naye akaniuliza kama siku hizi walimu wanalipwa kwa kufuma. Barua alizoandikiwa na katekista wa Tukuyu ziliniarifu kwamba sasa mama anamtambua mtu kwa sauti tu. Nilihesabu masweta yaliyobaki kama mfungwa anavyohesabu miezi. Matatu. Mawili. Moja.

La mwisho lilikuwa la mama mkubwa. Alilivaa palepale jikoni, akavuta mikono, akajitazama kifuani, akaridhika.

"Sasa utakubali uhamisho?" akaniuliza.

"Uhamisho gani?"

"Ule uliokataa. Mwalimu mkuu alimwambia mume wa jirani wa chumba cha nne. Tulishangaa, tukasema labda hataki kukaa kwao."

"Nilikuwa nadaiwa, mama mkubwa."

"Na nani?"

"Na nyinyi."

Alinitazama kwa karibu, kama alivyoitazama ile barua. "Mwanangu, ile hela tuliisamehe siku ileile ulipoingia chumbani na zile spoki. Tulikaa hapahapa tukaisamehe, tukamaliza. Hatukukwambia maana ungeona haya. Tulikusitiri."

"Na masweta?"

"Tuliona unapenda kufuma."

Nilicheka, na sikuweza kuacha, hadi ikawa kitu kingine na mama mkubwa akanishika mabega. Nilikuwa na hasira nao. Nina hasira nao kidogo hata sasa, wote sita, na nawapenda. Walinifichia msamaha kwa heshima, nami kwa heshima nikajifungia.

Niliomba upya, nikahama masika yaliyofuata. Gari la mizigo lilipofika walitoka kunisaidia kupakia, wote sita wamevaa masweta mekundu, dereva akauliza kama ni kwaya.

Mama alikuwa amekaa kibarazani. Nilisimama kwenye mlango wa ua kama siku zote, nikangoja. Nikasogea hatua moja, nikasogea nyingine, nikasogea mpaka magoti yangu yakagusa yake, naye alikuwa bado anatazama migomba nyuma yangu.

"Nani?" akauliza.

Nilitaja jina langu, nikamwekea mapajani sweta la saba, nililomfumia yeye baada ya yale sita. Alilipapasa polepole, kola, kisha mikono, kisha ubavu, na hapo vidole vyake vikasimama.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Hapa umeruka kitanzi."

Niliinama nikapatazama. Kweli palikuwa na tundu, na siku zote nilizolifuma sikuwa nimeliona.